Beji ya Moto

Mimi ni mtu wa kiburi, na sioni sababu ya kuficha. Nilipokuwa na miaka kumi na minne nilikuwa na beji tisa zilizoshonwa kwenye mkono wa kushoto wa shati langu: ya mafundo ya kamba, ya kushona, ya huduma ya kwanza, ya kuimba, ambayo hata mimi nilishangaa kuipata, na nyingine tano. Kila Jumamosi nikienda parokiani nilitembea upande wa kushoto wa barabara makusudi, ili mkono wenye beji uwaelekee watu waliokaa nje ya nyumba zao. Waendesha toleka, zile baiskeli zinazobeba abiria mjini kwetu Kisangani, waliniita "mon général", jenerali wangu. Walikuwa wananitania, lakini mimi nilipokea kama mtu aliyepigiwa saluti.

Parokiani nilikuwa katika kundi la wasichana wa skauti, wale ambao kwetu tunawaita maguide. Kiongozi wetu, cheftaine, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mfupi, mkavu, asiyegawa beji kama karanga. Kila mtihani aliuandika katika daftari lake lenye jalada jekundu, siku na matokeo, hata kama matokeo yalikuwa ya aibu. Msichana aliyefikisha beji kumi alikabidhiwa wasichana wadogo wanane awe kiongozi wao. Hakuna msichana wa familia za wavuvi wa kwenye maporomoko ya mto aliyewahi kufika hapo. Wengi waliacha njiani, kwa sababu Jumamosi kwetu ndiyo siku ya samaki. Mimi nilibakiza beji moja tu, na nilikuwa nimeiweka mwisho kwa vile niliiona rahisi kuliko zote. Ilikuwa beji ya moto.

Mtihani wake ulikuwa hivi: unapewa njiti mbili za kiberiti na sufuria ya maji. Kuni unatafuta mwenyewe. Maji yachemke mpaka kifuniko kiruke kabla nusu saa haijaisha kwenye simu ya cheftaine.

Niliposikia masharti nilicheka. Papa, yaani baba yangu, alikuwa anavua kwenye maporomoko, na samaki ambao hawakununuliwa wabichi mama aliwakausha kwa moshi juu ya chanja nyuma ya nyumba. Nilijifunza kuchochea ule moto kabla sijajua kusoma. Nguo zetu zilinuka moshi, daftari zangu zilinuka moshi, na darasani kulikuwa na msichana mmoja aliyeziba pua nikikaa karibu yake, mpaka siku nilipomfundisha adabu. Nani wa kunifundisha mimi moto? Wiki nzima nilitangaza nyumbani, sokoni na mtoni kwamba Jumamosi nakwenda kuchukua beji ya kumi. Sikusema nakwenda kufanya mtihani. Nilisema nakwenda kuchukua.

Siku hiyo tulikuwa watano. Wenzangu wanne walikuwa watoto wa mjini ambao mama zao wanapikia makaa, na nilipowaona wakihangaika na vijiti vidogo vidogo niliwahurumia. Mimi nilichagua magogo mawili ya kiasi, mabichi kidogo kwa ndani, nikayalaza ubavu kwa ubavu, nikatia majani makavu katikati na kuwasha kwa njiti moja. Njiti ya pili nilimrudishia cheftaine mbele ya watu wote. Alinitazama, akaitia mfukoni.

Moto wangu ulishika vizuri sana. Ulitulia chini, ukatoa moshi mweupe, mzito, wa kupendeza. Mama alikuwa na msemo wake: "Moto yenye kutoa ulimi iko moto ya mujinga." Kwetu mtu akiacha moto uwake juu, samaki wanaungua nje na kubaki wabichi ndani, na huyo mtu analala na maneno ya mama masikioni. Basi nikawa naukaba moto wangu kwa upendo. Kila ulimi ulipochomoza niliusogezea gogo ukazima. Mioto ya wenzangu ilikuwa inaruka hovyo kama watoto waliokosa malezi.

Kifuniko cha kwanza kikaruka. Halafu cha pili. Nikaingiza kidole katika sufuria yangu, maji yalikuwa ya kumwogeshea mtoto mchanga. Hapo ndipo jambo lenyewe liliponiingia kichwani, polepole, na kwa baridi. Nilikuwa nimewasha moto wa samaki. Nikapiga magoti, nikapeleka uso karibu na kuanza kupuliza kama mwendawazimu, na majivu yote yakaruka yakanitua kichwani. Simu ya cheftaine ikalia.

Akaja, akasimama juu yangu. "Ma fille," alisema, "moto yako iko muzuri kwa samaki. Miye nilikuomba maji."

Wahenga walisema mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Mimi mwana wa wakausha samaki sikuweza hata kuvukuta. Cheftaine aliandika katika daftari jekundu, akaniambia mtihani unarudiwa mara moja tu, baada ya wiki tatu, Jumamosi inayotangulia sherehe ya kutoa beji. Nikishindwa tena, ningesubiri mwaka mzima. Sikunawa wala sikumuaga mtu. Niliondoka nimefura, nikapita katikati ya mji bila kuchagua upande wa barabara.

Sasa lazima nieleze desturi moja. Kwetu mtu akifaulu, au "akipita" kama tunavyosema, mtihani wa serikali au jambo lolote kubwa, hapewi mkono wa hongera tu. Anamwagiwa poda nyeupe, ile ya watoto, kichwani na shingoni, na anapita nayo mitaani ili ulimwengu ujue.

Nyumbani, siku hiyohiyo, alikuwa amefika mdogo wake mama, ambaye sisi tulimwita maman leki. Alikuwa mfanyabiashara wa mtoni. Alipanda kutoka Yanonge kwa boti la mbao na magunia yake, akauza, akashuka na sabuni, chumvi na poda. Alikuwa amekaa mlangoni juu ya gunia anakula ndizi, na alijua siku hiyo nakwenda kuchukua beji. Nani hakujua? Akainua macho, akaona mtoto wa dada yake anakuja ana weupe kichwani, mabegani na hadi kwenye nyusi. Akatupa ndizi.

"Yééé! Amepita! Mutoto yetu amepita! Mumeona poda? Mumeona?"

Vigelegele vilitoka kabla sijafika. Nilifungua mdomo niseme kwamba yale ni majivu, na maman leki, aliyekuwa tayari amefungua kopo jipya la bidhaa zake, akanimwagia poda halisi na nyingine ikaniingia kinywani. Nilikohoa. Wakadhani nalia kwa furaha. Mama alitoka nyuma ya nyumba anacheza, na mama yangu si mtu wa kucheza. Majirani wakaja. Halafu papa akapanda kutoka mtoni akiwa amebeba kapiteni, samaki mkubwa ambaye tayari alikuwa amemwahidi mwenye mgahawa mjini, akamtupa miguuni pa mama na kusema, "Huyu hauzwi tena. Huyu ni ya général."

Ningeweza kusema hapo. Nimeirudia saa ile kichwani mara nyingi, na kila mara naona nafasi tatu au nne nzuri za kusema. Sikusema. Kwa ulimi wangu sikutamka uongo wowote. Nilinyamaza tu, nikala kapiteni kwa lituma, zile ndizi za kupondwa, na alikuwa mtamu, na nilijichukia kwa kila tonge. Maji nilikuwa nimeyavulia nguo, sikuwa na budi kuyaoga.

Baada ya siku mbili maman leki alishuka Yanonge, na boti lile lilikuwa limebeba habari zangu kuliko sabuni. Papa naye alizitangaza upande wake. Wavuvi wenzake walianza kuniuliza kama naweza kuwawashia sigara kwa macho. Kila neno lilinichoma, na kila jioni nilihesabu siku zilizobaki kabla ya Jumamosi ya mtihani wa pili.

Kujifunza kulikuwa na tatizo lake. Nyumbani tulikuwa na moto wa samaki, na tulikuwa na mbabula, jiko la makaa ambalo mama alipikia. Wapi msichana aliyekwisha kufaulu mtihani wa moto angeonekana anajifunza kuwasha moto? Nilitafakari usiku kucha, na asubuhi nikapata. Nikamwambia mama kwamba kuanzia leo nitamchemshia papa maji ya kuoga, kwa kuni, uani.

"Tangu lini?" mama aliuliza.

"Asubuhi papa anaoga maji ya baridi," nilisema. "Iko service ya maguide."

Asubuhi ya kwanza papa alioga maji ya uvuguvugu saa mbili baada ya kuamka, na alisubiri bila kulalamika. Mikono yangu ilikuwa na akili zake. Nikiiacha peke yake ililaza magogo, ikaziba upepo, ikaua ulimi. Ilinibidi niikemee kwa sauti. Polepole nikaanza kujua. Vijiti visimame vikiegemeana, visilale. Chini kuwe na nafasi ya upepo kupita. Makumbi ya mawese, yale yanayobaki mafuta yakishakamuliwa, yanashika moto kuliko karatasi. Mti mwepesi kwanza, mti mzito baadaye, na usiwe na huruma. Wiki ya pili papa alikuwa anaoga maji ya kutoa mvuke. Wiki ya tatu alianza kuita kutoka chooni nimpunguzie ukali. Naye, Mungu amsamehe, akayapeleka hayo pia mtoni. Aliwaambia wavuvi kwamba binti yake, tangu afaulu, anamchemshia maji kila siku kama waziri. Niliposikia hilo nilienda kukaa nyuma ya chanja, ndani ya moshi, ili machozi yawe na sababu.

Jumamosi ya mtihani wa pili iliamkia mvua. Ilikatika saa nne, ikaacha kila kitu kimelowa. Tulikuwa wawili tuliorudia. Mwenzangu aliokota vijiti vilivyokuwa vinachuruzika akaanza kusali. Mimi nilikwenda kwenye rundo la kuni za parokia nikaanza kuinua gogo moja baada ya jingine, kulipima mkononi na kuliweka. Hiyo ndiyo kazi niliyofanya tangu utotoni, kumchagulia mama magogo mabichi kidogo kwa uzito tu, bila kuyapasua. Sasa nilitaka kinyume chake. Nililipata moja lililolowa ganda lakini jepesi, nikalipasua kwa panga, na ndani lilikuwa kavu kabisa. Nilitamani mama aone.

Nikachonga vijiti kutoka katika moyo wa lile gogo, nikavisimamisha. Njiti ya kwanza ilizimika kwa upepo. Ya pili nikaikinga kwa mwili wangu wote, na moto ukatoa ulimi, nami nikauacha, nikauongezea, nikauacha tena. Kifuniko kikaanza kutetemeka. Halafu kikaruka kikaanguka kwenye matope, na maji yakamwagika juu ya mafiga kwa kelele. Cheftaine akatazama simu, dakika zilikuwa zimebaki nyingi. Nilipiga kelele moja ambayo sijui ilitoka wapi. Mpaka leo, nikiulizwa ni lini nilijua mimi ni mtu wa kuweza mambo, nasema ni pale, kwenye matope ya parokia.

Cheftaine aliandika. Kisha akasema, bila kuinua kichwa, "Kesho muzazi wako ndiye atakufunga beji. Na miye nitasoma daftari, kama kawaida."

Hapo furaha yangu yote ikasimama. Nilikuwa nimesahau hilo. Katika sherehe yetu cheftaine husoma mbele ya watu mtihani ulifanyika lini na matokeo yalikuwa nini. Kesho yake papa angesimama hadharani, na daftari jekundu lingemwambia mbele ya parokia nzima kwamba alimtupa kapiteni wake bure. Na jioni ileile maman leki aliingia kutoka Yanonge na shemeji zake watatu, wote wameshona kitenge cha aina moja kwa ajili yangu.

Asubuhi niliamka mapema, nikachemsha maji, nikapeleka ndoo uani. Papa alikuwa amejifunga taulo, anapiga mswaki. Nilisema kabla sijaweka ndoo chini.

"Papa, ile siku sikupita. Nilianguka. Ilikuwa majivu, si poda. Nimepita jana."

Aliacha kupiga mswaki. Alinitazama, povu mdomoni, na nilitamani anipige.

"Na ile samaki tulikula?" aliuliza.

"Tulikula," nilisema.

"Na watu yote miye niliambia."

"Ndiyo, papa."

Alitazama ile ndoo, mvuke unapanda. Halafu akaichukua sabuni yake, akanipita, akateremka kwenda kuoga mtoni. Ndoo ilibaki pale mpaka ikapoa. Hakumwambia mama, hakumwambia maman leki, na wakati wa kuondoka hakuonekana.

Ua wa parokia ulijaa. Maman leki na shemeji zake walikaa mstari wa mbele na kitenge chao, mama kando yao, na kiti cha papa kilikuwa na mkoba wa mama juu yake. Nilisimama na wenzangu nikitazama lango. Waliitwa mmoja mmoja, wazazi wao wakaja wakawafunga beji, watu wakapiga makofi. Nilikuwa wa mwisho kwa sababu yangu ilikuwa ya kumi.

Cheftaine alisogeza mikro, kipaza sauti cha parokia. "Beji ya moto. Mtihani wa kwanza, ameshindwa. Mtihani wa pili, jana, amefaulu."

"Jana?" sauti ya maman leki ilisikika bila kuhitaji mikro. "Jana namna gani? Na poda yangu?"

Watu walianza kunong'ona. Mama alinitazama, akaelewa yote mara moja, nikaona uso wake unavyobadilika. Sikuinamisha kichwa. Nilitaka kuinamisha, lakini nilikuwa nimefaulu, na nilijua jinsi nilivyofaulu, na shingo ilikataa.

"Muzazi," cheftaine aliita.

Mama aliondoa mkoba kwenye kiti, akaanza kuinuka. Na nyuma kabisa, pale wanaume wanaochelewa misa hujibanza ukutani, papa akaanza kuja. Alikuwa pale tangu mwanzo. Alikuwa amevaa shati lake la Krismasi, na alitembea bila haraka, akawaomba watu radhi kila alipopita mbele ya magoti yao. Alipofika alichukua beji, akaigeuza, akaisoma pande zote mbili ingawa haina maandishi. Kisha akanyoosha mkono kwa cheftaine akaomba mikro. Wazazi hawapewi mikro. Cheftaine akampa.

"Bon," papa alisema. Alikohoa, mikro ikalia, akaisogeza mbali. "Miye si mutu ya maneno mingi. Kila mutu yenye nilimuambia ile siku kama mutoto yangu amepita, pardon. Sikujua. Alianguka. Leo asubui ameniambia yeye mwenyewe, hakuna mutu alimusukuma. Nilikasirika, na sasa niko bado na kasirani kidogo."

Watu wakacheka kidogo, kwa wasiwasi. Mimi sikucheka.

"Lakini wiki tatu hizi, kila asubui, huyu mutoto ananichemushia maji. Siku ya kwanza ilikuwa baridi. Siku ya pili, vilevile. Miye sikujua iko anajifunza, nilizani iko ananipenda." Wakacheka sasa kwa nguvu, hata cheftaine. Papa akangoja watulie. "Donc daftari iseme jana, iseme juzi, miye sina shida. Cheftaine ameona huyu mutoto mara mbili. Miye nimemuona kila siku. Ile moto yake, miye nimeioga."

Akarudisha mikro. Maman leki alikuwa wa kwanza kupiga kigelegele, na shemeji zake wakafuata. Mama alikuwa anapiga makofi huku ananitikisia kichwa kwa namna iliyoniahidi maongezi marefu jioni. Papa aliinama kunifunga beji. Vidole vyake vilizoea nyavu, si pini, akanichoma mara mbili begani na mimi sikutikisika. Nilikuwa nimejivuna kiasi kwamba kifua kiliniuma.

Uso wake ulikuwa karibu na sikio langu. Alinong'ona bila kuacha kuhangaika na pini.

"Kesho uchemushe tena. Ya mutoni leo ilikuwa baridi, nusura nikufe."

"Ndiyo, papa," nilisema.